Uzi: Irma Stern, mchoraji wa ekspreshonizimu aliyechora Unguja mwaka 1939 na 1945. Maisha yake, rangi, fremu, na namna ya kuzitambua kazi zake

Mfaa_wa_Mlango

Wakuu, salaam. Kila picha ya Irma Stern inapopita mnadani, mazungumzo huishia kwenye bei. Bei tutaigusa, ila naomba uzi huu tuuelekeze kwenye kazi yenyewe: alikuwa nani, alijifunza kwa nani, rangi aliiweka vipi, na kwa nini picha za Unguja ndizo zilizompandisha juu. Wenye ujuzi wa fremu, minada na hifadhi ya picha mjazie.

Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1894 huko Schweizer-Reneke, mji mdogo wa Transvaal, Afrika Kusini, na wazazi wake walikuwa Wayahudi wa Kijerumani. Wakati wa vita vya Waingereza na Makaburu baba yake aliwekwa kizuizini kwa kuwaunga mkono Makaburu. Baadaye familia ilihamia Ujerumani, na tangu hapo Irma akakua akienda na kurudi kati ya nchi hizo mbili. Mwaka 1913 aliingia chuo cha sanaa cha Weimar, kisha akahamia Berlin kwenye studio ya Levin-Funcke. Vita ya Kwanza ya Dunia ikamkuta huko, ikamzuia huko mpaka ilipokwisha.

Mwaka 1916 alichora "Mtoto wa Milele", picha ya msichana aliyemwona ndani ya tramu, amekonda kwa njaa ya vita, ameshika maua ya porini. Mwalimu wake, Martin Brandenburg, aliikataa. Stern akaachana na mwalimu, picha akabaki nayo, na maisha yake yote aliihesabu kuwa kazi yake ya kwanza ya kweli. Leo iko Stellenbosch, kwenye mkusanyo wa familia ya Rupert. Ukiitazama unaona kabisa mwalimu alichukizwa na nini: macho makubwa kupita kiasi, mikono iliyokakamaa, uso usioremba chochote. Huo ndio ekspreshonizimu. Mchoraji wa mkondo huo hafungwi na rangi wala umbo kama jicho linavyoviona. Akiona uso unataka kijani ili ubebe uchovu, anaweka kijani.

Mwaka 1917 akakutana na Max Pechstein, na hapa tukae kidogo. Pechstein alikuwa amejiunga na Die Brücke, kundi la wachoraji wa ekspreshonizimu wa Ujerumani, mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya kundi hilo kuanzishwa Dresden, na akafukuzwa mwaka 1912 kwa sababu alionyesha kazi zake peke yake na Secession ya Berlin, chama cha wasanii, kinyume cha makubaliano ya wenzake. Mwaka 1914 alikuwa visiwa vya Palau, bahari ya Pasifiki, akitafuta watu aliodhani bado wanaishi bila kuharibiwa na viwanda. Stern alichukua vitu viwili kwake. Cha kwanza ni mkono: mstari mzito mweusi au wa buluu iliyokolea, na rangi kutoka kwenye tyubu bila kuichanganya mno. Cha pili ni ndoto ya "peponi" iliyo mbali na Ulaya. Mkono ulimjenga. Ndoto ilimsaidia na kumpotosha kwa wakati mmoja, na naamini hatuwezi kumwelewa bila kuvishika vyote viwili.

Pechstein ndiye aliyemfungulia milango. Stern alikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo wa Novembergruppe, kundi la wasanii wa Ujerumani, mwaka 1918, na mwaka 1919 alifanya maonyesho yake ya kwanza Berlin kwenye jumba la Fritz Gurlitt. Mwaka 1920 alirudi Cape Town. Maonyesho yake ya 1922 yalichekwa magazetini, na polisi wakaja kukagua kama picha zinakiuka maadili. Mwaka 1926 aliolewa na Johannes Prinz, aliyewahi kumfundisha nyumbani. Waliachana mwaka 1934. Katikati ya hayo alihamia nyumba ya The Firs, mtaa wa Rosebank, akaishi humo hadi kufa kwake tarehe 23 Agosti 1966. Nyumba hiyo ndiyo iliyofanywa makumbusho yake.

Mwaka unaogeuza kila kitu ni 1933. Hitler alipoingia madarakani Stern aliacha kwenda Ujerumani, na mwaka 1937 kazi za Pechstein na wenzake zilitundikwa München kwenye maonyesho ya kuzidhalilisha. Dunia iliyomlea kisanaa ikawa imefungwa. Akaelekea bara lake: Dakar 1938, Unguja 1939, Kongo 1942, Unguja tena 1945, Kongo 1946 na 1955. Safari hizo zilizaa vitabu viwili alivyoviandika na kuvichorea mwenyewe, kimoja cha Kongo mwaka 1943 na kimoja cha Zanzibar mwaka 1948.

Karibuni.

Shangani_Baraza

Ahsante mkuu. Niongeze kwa upande wa Unguja.

Ile ilikuwa Unguja ya Sultani Khalifa bin Harub chini ya ulinzi wa Waingereza, na Stern alikaa Mji Mkongwe. Aliowachora ni wazee wa Kiarabu wenye vilemba na majoho, wanawake wa Kibohora, wanawake wa Kiswahili, wapiga soga barazani, na matunda na maua ndani ya vyombo vya udongo. Angalieni nyuma ya vichwa kwenye picha za watu: mara nyingi hakuna chumba wala dirisha. Kuna rangi tu, njano au kijani, imesukumwa mpaka kwenye ukingo wa uso. Ndiyo maana wale wazee wanaonekana kama wako karibu mno na wewe. Amewanyima nafasi ya kurudi nyuma.

Kuna tofauti kati ya safari mbili hizo. Picha za 1939 bado zina utulivu wa mchoro: mstari unaonekana, na sehemu nyingi rangi ni ya wastani. Za 1945 rangi imepanda. Kwenye kilemba cheupe cha 1945 kila mkunjo wa kitambaa ni mpapaso mmoja wa brashi uliosimama juu ya kanvasi, na ukisogea pembeni unaona kivuli chake. Ukiondoa ule unene, kilemba hakipo. Kwa maoni yangu 1945 ndio mwaka wake bora kuliko yote, wa Kongo wanisamehe.

Na mlango wa mbele wa The Firs ni mlango wa kuchongwa wa Zanzibar, aliusafirisha hadi Cape Town.

Kisu_na_Brashi

Hapo kwenye unene ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza, kwa hiyo nieleze hesabu na hatua. Stern kwa kawaida alimaliza picha kwa mkao mmoja, rangi mbichi juu ya rangi mbichi, bila kurudi wiki ijayo kurekebisha. Njia hiyo ina masharti yake.

Kwanza hesabu. Kanvasi ya sm 60 kwa 50 ina eneo la sm za mraba 3,000. Ukiifunika yote kwa unene wa milimita moja tu unahitaji mililita 300 za rangi, yaani tyubu saba na nusu za mililita 40. Milimita mbili ni tyubu kumi na tano. Hakuna mchoraji mwenye akili anayefanya hivyo pote. Unene unawekwa mahali unapobeba maana: kilemba, paji la uso, ubavu wa pua, tunda la mbele. Mandhari ya nyuma na nguo za giza zinabaki nyembamba, na pengine kanvasi yenyewe inachungulia. Ukiangalia picha zake kwa karibu utaona mgao huo wazi kabisa.

Sasa hatua, kwa anayetaka kujifunza mkono huo.

Anza na kanvasi iliyopakwa jeso (rangi nyeupe ya msingi) tabaka mbili au tatu, kila moja ikikauka. Usiisugue ikawa laini kama kioo, rangi nzito inahitaji mahali pa kushika. Paka juu yake utando mwembamba wa sienna iliyochomwa au oka (rangi za udongo), uliozimuliwa na tapentaini, futa kwa kitambaa, acha ukauke. Weupe wa kanvasi ukibaki utakudanganya: kila rangi utaiona nyeusi kuliko ilivyo.

Chora moja kwa moja kwa brashi, ukitumia ultramarini (buluu iliyokolea) iliyochanganywa na umba iliyochomwa (kahawia ya giza), nyepesi kama wino. Usitumie penseli. Penseli inakufanya uchore vitu vidogo, kope na vishikizo, wakati unachohitaji ni mteremko wa bega na ulalo wa kichwa.

Weka vivuli kwanza, vyembamba. Kivuli cha ngozi usikitengeneze kwa kuongeza nyeusi. Tumia kijani kilichokolea, zambarau au buluu. Kisha leta mandhari ya nyuma mpaka iguse mstari wa uso, hata iule kidogo. Mwisho kabisa ndipo unene: brashi bapa ya manyoya magumu, upana wa sm 2 hadi 2.5, chota rangi nyingi, weka, inua, futa brashi. Mpapaso mmoja, chota tena. Ukipapasa mara tatu mahali pamoja juu ya rangi mbichi, ya chini inapanda, na hapo unapata tope la kijivu.

Kisu cha rangi kina kazi moja kubwa ambayo watu huisahau: kukwangua. Mahali palipoharibika, kwangua hadi kwenye kanvasi, futa, weka upya. Usijaribu kuokoa tope kwa kuongeza rangi juu yake.

Mwanafunzi_Sanaa_Dar

Shikamoo mkuu Kisu. Picha za wanafunzi wenzangu zenye rangi nene huwa zinapata mikunjo kama ngozi ya maziwa baada ya wiki kadhaa, na nyingine zinapasuka. Tatizo ni rangi au joto?

Kisu_na_Brashi

Marahaba. Mara nyingi ni mafuta, si joto.

Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kupaa kama rangi ya maji. Mafuta ya kitani yanashika oksijeni ya hewani na kugeuka kuwa utando mgumu. Oksijeni inafika juu kwanza, kwa hiyo tabaka la milimita tatu linajifunga ngozi ndani ya wiki moja au mbili huku chini likiwa bado laini kwa miezi mingi. Ukiwa umeongeza mafuta ya ziada, ile ngozi inavimba inapokauka na kukosa pa kwenda, ndipo inakunjamana. Dawa yake ni kutumia rangi kama ilivyotoka kwenye tyubu bila kuongeza mafuta. Ikiwa tyubu inatoa rangi yenye mafuta mengi, ikamue juu ya karatasi isiyong'aa, iache dakika chache karatasi inyonye, kisha ihamishie kwenye paleti.

Kupasuka kuna sababu tatu za kawaida. Ya kwanza, kuweka tabaka linalokauka haraka juu ya linalokauka polepole. La juu limeshakuwa gumu, la chini bado linasogea, la juu linachanika. Ndiyo sababu ya kanuni ya tabaka lenye mafuta machache chini na lenye mengi juu. Ya pili ni nyeupe ya zinki. Utando wake huwa mkavu na mwepesi kuvunjika kadiri miaka inavyokwenda, hivyo kwa sehemu nene tumia nyeupe ya titani. Soma maandishi ya tyubu, maana nyeupe nyingi za bei nafuu ni mchanganyiko wa hizo mbili. Ya tatu ni kanvasi iliyolegea, ambayo kila ikiguswa inapeperuka na kuvunja mgongo wa rangi.

Na tafadhali sana, mafuta ya taa si mbadala wa tapentaini. Yanaacha unyevunyevu wa mafuta na kuchelewesha ukaukaji. Mafuta ya nazi na ya mawese hayakauki abadani. Kuhusu vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani, usivirundike kwenye kona ya studio. Mafuta yanapokauka yanatoa joto, na rundo linaweza kujiwasha lenyewe bila kiberiti. Vitandaze kimoja kimoja nje vikauke, au vitie kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko.

Vanishi subiri miezi sita hadi kumi na miwili, na kwa picha nene hata zaidi.

Jicho_la_Mnada

Nilete upande wangu, kwa kifupi kwa bei na kwa kirefu kwa kughushi.

"Bahora Girl" ya 1945 iliuzwa na Bonhams, kampuni ya minada ya London, mwaka 2010 kwa karibu pauni milioni 2.4. Machi 2011 "Arab Priest", nayo ya 1945, ikafika pauni milioni 3.04 katika mnada wa Bonhams na kununuliwa kwa ajili ya makumbusho ya Qatar. Zote mbili za Unguja. "Arab in Black" ya 1939 ina historia ya pekee. Ilitolewa iuzwe ili kuchangia gharama za utetezi katika Kesi ya Uhaini ya Afrika Kusini, iliyoanza kwa kukamatwa watu 156 mwaka 1956, Nelson Mandela akiwamo. Miaka mingi baadaye ilikutwa jikoni kwenye nyumba moja London, imebandikwa barua na bili kama ubao wa matangazo. Mwaka 2015 ikauzwa kwa pauni 842,500.

Bei hizo ndizo zinazovuta wanaoghushi. Mtu akikuletea "Stern", anza nyuma ya picha. Kanvasi iliyofungwa kwa pini za stepla kwenye mbao mpya haimaanishi lazima ni bandia, kwani picha za zamani hufungwa upya, lakini muuzaji akuonyeshe mashimo ya misumari ya awali kwenye ukingo wa kanvasi. Yasipokuwapo, kanvasi haijawahi kufungwa kabla.

Pili, zima taa za chumba uiwashie tochi kutoka pembeni, karibu kabisa na uso wa picha. Unene wa kweli una mwelekeo: unaona brashi iliingia wapi na ikanyanyuka wapi. Wanaoghushi mara nyingi hutengeneza vilima kwa jeso au pasta kwanza, halafu wanapaka rangi juu. Matokeo yake mwelekeo wa kilima na mwelekeo wa rangi haviendani, na rangi kwenye bonde la mpapaso ni ile ile ya kileleni. Kwa mchoraji aliyefanya kazi mbichi juu ya mbichi, kwenye bonde utakuta mchirizi wa rangi ya chini iliyoburuzwa.

Tatu, saini. Kwa kawaida aliandika jina na mwaka. Angalia kwa kioo cha kukuzia: wino wa saini ukiwa umeingia ndani ya nyufa, saini imekuja baada ya nyufa, na hapo kuna maswali. Saini ya halali imepasuka pamoja na rangi iliyo chini yake.

Nne, taa ya urujuanimno. Vanishi ya zamani ya utomvu hung'aa kijani kidogo, marekebisho mapya huonekana kama madoa meusi juu yake. Kanvasi au karatasi inayong'aa buluu-nyeupe kali ina kemikali za kung'arisha zilizoenea baada ya miaka ya 1940, kwa hiyo kwa gwashi (rangi nzito ya maji) iliyoandikwa 1939 hiyo ni kengele. Buluu ya ftalo iliingia sokoni katikati ya miaka ya 1930. Ikikutwa kwenye picha iliyoandikwa 1922, hadithi imeisha. Kwenye picha ya 1945 haithibitishi chochote. Nyeupe ya titani nayo ilikuwapo tangu miaka ya 1920, usiitegemee.

Seremala_Pwani

Na fremu jamani! Picha nyingi za Unguja Stern aliziwekea fremu za mbao za kuchongwa zilizotoka kwenye milango ya Zanzibar, na picha yenye fremu yake ya awali huthaminiwa zaidi. Hivyo fremu nayo huhamishwa kutoka picha moja hadi nyingine.

Ipindue fremu. Sehemu ya nyuma ilipokatwa mfuo wa kupokea ukingo wa kanvasi, mbao inatakiwa iwe imekolea rangi ya uzee sawasawa, na iwe na kovu la chuma cheusi palipokaa misumari ya zamani. Mfuo wenye mbao nyeupe mbichi umekatwa juzi. Halafu linganisha na picha: kanvasi iliyokaa muda mrefu ndani ya fremu huwa na mstari kwenye ukingo, upande wa ndani umefifia au umeshika vumbi, upande uliofichwa na mdomo wa fremu una rangi safi. Mstari huo lazima ukae sawa na mdomo. Ukiwa umepishana kwa nusu sentimita pande zote nne, fremu si yake.

Nakshi iliyokatwa katikati kwenye pembe isikutishe. Vipande hivi vilichongwa kwa ajili ya milango, si fremu, kwa hiyo mnyororo au waridi kukatishwa na pembe ya nyuzi 45 ni jambo la kutarajiwa. Nakshi inayogeuka pembe vizuri bila kukatika ndiyo ya kuuliza, maana hiyo imechongwa kuwa fremu tangu mwanzo.

Kwa anayetaka kutengeneza fremu ya mtindo huo leo: acheni milango ya zamani mahali pake. Fundi wa nakshi akuchongee kipande kipya cha msaji, mvule au mfenesi, upana sm 8 hadi 10, unene sm 4, kilichokauka vya kutosha. Mbao mbichi itafunguka pembe ndani ya msimu mmoja. Mfuo uwe na mdomo wa milimita 6 hadi 8, na uache nafasi ya milimita 3 kila upande kati ya mbao na kanvasi, kwa sababu Masika mbao inavimba. Kama rangi ni nene na unaweka kioo, weka vipande vya kutenganisha ili kioo kikae angalau milimita 5 juu ya kilele cha rangi. Kioo kikigusa rangi nene wakati wa joto, kitaibandua siku utakapokitoa.

Lualaba_Mwana

Wa Unguja msitusahau sisi wa Kongo. Stern hakuja tu kuchora, alikusanya pia. Ndani ya mkusanyo wake kuna kiti cha Waluba cha karakana ya Buli, kijiji cha upande wa mto Lualaba: mwanamke amebeba kikalio kwa kichwa na vidole, uso mrefu, mashavu yaliyobonyea, viganja vikubwa kuliko uso unavyohitaji. Vitu vya mkono huo duniani ni vichache mno, na kila jumba kubwa la makumbusho lingependa kuwa nacho.

Mtazameni huyo mwanamke wa Buli halafu mrudie "Mtoto wa Milele". Yule fundi wa Kiluba aliongeza ukubwa wa mikono kwa sababu mikono ndiyo inayobeba, na alifanya hivyo kabla ya Wajerumani hao kushika brashi. Wachoraji wa Die Brücke waliziona sanaa za Afrika na Pasifiki kwenye makumbusho ya Dresden na wakajifunza kutoka kwazo. Mtu akisema Stern "alileta" ekspreshonizimu Afrika, aeleze kwanza safari ilianzia wapi.

Nairobi_Sketch

Lualaba amefungua mlango ambao nilikuwa nausubiri. Naheshimu mkono wa Stern, ila tuseme wazi: tunajua majina ya wanunuzi, ya madalali, ya majumba, lakini wale wazee wa Unguja na wale wanawake wa Kimangbetu na Kitutsi aliowachora wengi wamebaki bila majina. "Mwarabu", "Msichana wa Kibohora", "Mwanamke wa Kitutsi". Mtu aliyeketi mbele ya mchoraji amegeuzwa kuwa aina. Na wakati alipokuwa akiiwakilisha Afrika Kusini kwenye maonyesho ya Venice miaka ya 1950, serikali iliyomtuma ilikuwa inawahamisha kwa nguvu watu wenye sura kama alizozichora.

Mfaa_wa_Mlango

Dada Nairobi, au kaka, nakubaliana nawe karibu yote. Ile ndoto ya Pechstein ndiyo hii. Ukitafuta "peponi", anayeishi humo hana haja ya jina, anatosha kuwa mzuri na wa kale. Unguja ya 1945 ilikuwa na magazeti, vyama, wafanyakazi wa bandari, na mwaka 1948 wafanyakazi hao waligoma. Hayo yote huyaoni kwenye turubai zake.

Ninachotetea ni kitu kimoja. Kwenye picha zake bora, jicho lilimshinda nadharia yake. Chukua mzee wa 1945: kope moja imelegea kuliko nyingine, mdomo umekazwa upande mmoja, kuna uchovu na kuna dharau kidogo kwa anayemtazama. Huyo si aina. Huyo ni mtu mmoja mahsusi aliyekuwa na mambo yake siku hiyo. Kwa hiyo kazi iliyobaki ni yetu watu wa pwani. Familia za Unguja, Muscat na Dubai zina albamu za picha za miaka ile. Mwenye picha ya babu iliyoandikwa jina na mwaka nyuma anaweza kuilinganisha na machapisho ya kitabu chake cha 1948, akipima masikio, umbali kati ya macho na mstari wa nywele. Ndevu na kilemba havithibitishi kitu. Na mwenye kufanya hivyo aipeleke kwanza kwa wanafamilia, kabla ya mtandaoni.

Shangani_Baraza

Hilo la albamu naliunga mkono kwa mikono miwili. Niongeze: picha nyingi za studio za zamani zina muhuri wa mpiga picha nyuma au kwenye kona ya kadi. Msiikate kadi ili itoshe kwenye fremu, muhuri huo ndio unaowapa mahali na takriban mwaka.

Tanga_Nyumbani

Samahani kutoka kidogo kwenye mada. Kuna picha ya mafuta ya zamani nyumbani, si ya Stern, rangi nene, fremu ya kuchongwa. Imeshika vumbi, na fremu inatoa unga mwepesi kama wa mahindi. Inatunzwaje kwa hali ya hewa ya pwani?

Mtunza_Picha

Hujatoka kwenye mada hata kidogo, picha za Stern zina shida hizo hizo.

Ule unga ni kazi ya bungua, mdudu anayetoboa mbao, na kama unaendelea kudondoka basi bado yumo hai. Toa picha kwenye fremu kwanza, iweke mbali. Fremu pekee iviringishe kwenye nailoni nzito, toa hewa yote unayoweza, ziba kwa utepe wa gundi, kisha iweke kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiitoa usiifungue. Iache ndani ya nailoni kwa saa 24 mpaka irudi joto la chumba, vinginevyo umande utatua juu ya mbao. Kamwe usiiweke picha yenyewe kwenye friza, rangi ya mafuta iliyogandishwa hukakamaa na kupasuka. Baada ya hapo fagia unga wote na uweke karatasi nyeusi chini ya fremu. Mwezi ukipita bila unga mpya, umemaliza.

Kwa vumbi la rangi nene, usitumie kitambaa. Nyuzi zinanasa kwenye vilele na kuving'oa. Laza picha, chukua brashi laini ya manyoya ya mbuzi au ya vipodozi isiyotumika, upana sm 3 hadi 5, fagia taratibu kuelekea bomba la mashine ya kuvuta vumbi uliloshika sm 10 juu, mdomo wake umefungwa chandarua ili kipande kikidondoka kisipotee. Kitunguu, kiazi, mkate na maji ya sabuni vinavyosifiwa mitaani viache kabisa. Vinaacha chakula cha ukungu ndani ya mabonde ya rangi. Ukiona kipande cha rangi kimeinuka kama gamba, simama hapo hapo, usifagie, mpelekee mtaalamu picha ikiwa imelazwa uso juu.

Mahali pa kuitundika ni ukuta wa ndani. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hupandisha unyevu kutoka chini, kwa hiyo bandika vipande vya koki vya sm 1 hadi 2 kwenye pembe nne za nyuma ya fremu ili hewa ipite, na funika mgongo wa picha kwa kadibodi isiyo na asidi, iliyokazwa kwa skrubu kwenye mbao za kanvasi, si kwenye kanvasi. Makumbusho hulenga unyevu wa asilimia 50 hivi. Pwani nyumbani hutaufikia, na si lazima. Kinachoua picha ni kupanda na kushuka ghafla: kiyoyozi mchana kutwa, usiku kimezimwa na madirisha wazi. Bora asilimia 70 isiyoyumba kuliko 50 ya mchana na 85 ya usiku. Nunua kipimo kidogo cha unyevu, kitundike karibu na picha, andika namba asubuhi na jioni kwa wiki mbili ndipo uamue ukuta.